Mchanga wa Kupeleka Makobola

Kaka yangu hawezi kukaa karibu na chuma bila kukiongezea chuma kingine. Mtu mwingine akinunua pikipiki ya miguu mitatu, ile tunayoiita moto ya mizigo, ataiwasha, atatafuta kazi, jioni ataiosha alale. Kaka alipoileta yetu nyumbani Kimanga, mtaa wetu hapa Uvira, aliizunguka mara kadhaa huku amekunja midomo, kama mtu aliyeletewa bugali akaona ni kidogo. Akasema hii moto ingali mutoto, lazima ikomazwe.

Basi akaikomaza. Alianza na bampa la bomba la maji, zito kuliko mimi. Kikafuata kioo cha pili juu ya kioo cha kwanza, nacho kilikuwa kinamwonyesha uso wake tu. Zikaja taa za rangi zilizokuwa zinakula betri, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye niliyesukuma. Halafu klaksoni. Ile klaksoni ililia kama ng'ombe aliyekanyagwa mguu, na mama wauza samaki wa mtaa wetu walikuwa wanamtukana kaka kabla hata hajakata kona. Nyuma ya sanduku la mizigo aliandikisha kwa rangi nyekundu: HAIOGOPI MUZIGO.

Mimi nilitaka tuchore ziwa. Ziwa la buluu kuzunguka sanduku lote, milima ya ng'ambo kwa mbali, na katikati mtumbwi wa marehemu baba. Nilikuwa nimekwisha kuuchora kwa makaa ukutani kwetu, na ulipendeza. Kaka aliutazama, akaniuliza ule mtumbwi wangu utabeba matofali mangapi.

Lakini ile moto yenyewe ilikuwa mtumbwi. Baba alipokufa, mama aliuza mtumbwi wake pamoja na nyavu na mashine ya nyuma, akatupa fedha sisi wanawe wawili tukatafute kitu cha kutulisha mjini. Yeye akabaki kijijini Makobola na mihogo yake na michikichi yake. Mimi na kaka tukawa tunajiita wenye moto, tukigombania kila skrubu, wakati mwenye moto ni mama, na hakuwa ameipanda hata siku moja.

Halafu mama akateleza shambani, akaumia nyonga. Aliletwa Uvira kwa gari ya watu wema, akatibiwa, akakaa kwetu akijifunza kutembea na fimbo. Ilipofika siku ya kuruhusiwa, daktari alituita pembeni akasema anaweza kurudi kwake, ila asitikiswe. Mfupa unajifunga, alisema, njiani msimrushe-rushe.

Tulitaka kukodi taksi. Mama akakataa. Mtumbwi wa kukodi nao haukufaa, kuupanda na kushuka ni kukunja nyonga tu. Mimi nilidhani anaogopa kutugharimu, kumbe sivyo. Kule kijijini walikuwa wanamsema tangu alipouza. Walisema mke huyu ametoa mtumbwi wa mume wake akapewa moshi.

"Minye nitarudi na ile moto yangu," akatuambia. "Waione. Na isiponipeleka yenyewe, nitakaa hapa hapa Kimanga munizike."

Sasa shida ilikuwa chini ya sanduku. Moto hizi zinatoka kiwandani na resori nyepesi, vile vyuma bapa vilivyolaliana kama ndimi, ambavyo ndivyo vinabeba uzito. Ukipakia mchanga wa kawaida wa hapa kwetu, sanduku linalala juu ya matairi. Kwa hiyo kila mwenye moto anaongeza ndimi mbili tatu za gari lililokufa. Kaka aliongeza mpaka fundi mwenyewe akamuuliza kama anataka kubeba nyumba. Ikipakiwa, moto yetu inakwenda kama bibi harusi. Ikiwa tupu, inaruka kama mbuzi. Jirani mmoja alituagiza tumletee nyanya zake kutoka Kamanyola, zilikuwa chache. Alipokea sosi.

Nikamwomba kaka atoe zile ndimi kwa siku moja tu, kwa ajili ya mama. Akajikuna shingo. Alikuwa amezichomelea. Nikamuuliza ni nani mwenye akili anayechomelea resori. Akasema wezi. Eti usiku mwizi angeweza kuja, aingie chini ya moto, afungue resori na kwenda zake. Nilikaa juu ya ndoo nikatazama mbele.

Basi tukaanza kuongeza, kwa kuwa kwetu hakuna kinachopungua. Tuliweka godoro. Juu yake nikajenga paa la bashi, lile turubai la plastiki, na pembeni pazia la kitenge, maana mimi nikipewa nafasi ndogo ya kupendezesha kitu nitaitumia. Mama alikuwa anatuangalia kutoka mlangoni, fimbo kwenye mapaja, akiamuru pazia lishuke kidogo. Kisha ikabidi mtu ajaribu. Nikalala mimi, nikawa mama.

Tulizunguka mtaa. Kwenye shimo la kwanza nilipanda mpaka kwenye bashi. La pili likaniuma ulimi. Mama wawili waliokuwa wanapita walipoona mtu amenyooshwa ndani ya pazia, walisimama, wakashusha vichwa, na mmoja akamuuliza kaka kwa sauti ya chini ni marehemu wa nani. Nikainua kichwa kujibu. Beseni lake la ndagala, vile visamaki vya ziwani, likaanguka, na matusi aliyonipa yalikuwa ya mtu mzima kabisa.

Tuliporudi, mama akaniuliza: "Iko namna gani, baba?"

Nikasema nzuri. Damu ilikuwa inanitoka kwenye mdomo.

Alitoa khanga begani, akanifuta kidevu, kisha akaingia ndani akajilaza akageukia ukuta. Siku ile sikula vizuri.

Tukapunguza upepo wa matairi, tukapata pancha. Tukatandika majani ya migomba, tukapata mchwa. Kaka, ambaye akili yake ikiamka inaamka vibaya, akakata mipira ya ndani ya matairi makuukuu na kutundikia kitanda hewani ndani ya sanduku, ili mama abembee kama mtoto mgongoni. Nikapanda tena, maana mama mwingine hatukuwa naye. Kile kitanda kilibembea kweli. Kilikwenda upande wa ziwa, kikarudi upande wa mlima, kikanimwaga barabarani mbele ya duka la vocha, na watu wakatoka kutazama.

Nilikuwa bado nakung'uta vumbi, nikimwambia kaka maneno ambayo siyaandiki, fundi mwashi wa jirani akapunga mkono. Alikuwa anataka mchanga wa mtoni, upesi, ukuta unamngoja. Mtu mwingine angesema subiri, ndugu yangu ameanguka. Kaka akasema: "Panda, mudogo wangu. Ya mama tutaendelea baadaye."

Nilikasirika. Tukashusha kitanda, tukaenda mtoni, tukapakia mpaka juu. Kiti cha mbele, pembeni ya kaka, sikukitaka. Mgongo uliniuma na uso wake pia sikuutaka. Nikajilaza juu ya mchanga uliolowa, nikafunika macho kwa kofia.

Kitu kilichofuata ni sepetu ya yule mwashi ikinigusa mguu. "Weye, amuka, nimenunua mchanga, sikununua muntu."

Nilikuwa nimelala. Tulikuwa tumepita mashimo yote, tukapita mawe ya karibu na daraja ambayo hata watembea kwa miguu wanayalaani, na mimi nilikuwa nimelala. Ule uzito ulikuwa umezikalia zile ndimi zikatulia. Nikamshika kaka shati nikamwambia mama hahitaji godoro wala mipira, anahitaji mzigo chini yake. Kaka alitazama sanduku, akanitazama, akafunga vifungo vya shati lake taratibu.

"Sasa ulifikiri resori niliziweka sababu ya nini?" akaniambia.

Namwachia Mungu.

Kumweleza mama kulikuwa kazi nyingine. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunataka kumrudisha kwake sawa vile mufuko wa saruji. Tukamwapia hatasikia hata kokoto. Akafikiri. Halafu akauliza kama huo mchanga ni safi, maana mtoni watu wanafanya mambo mengi. Tukasema ni safi. Akasema basi muuchekeche nione. Kwa hiyo mimi na kaka, watu wazima, tukakaa uani tunachekecha mchanga wa kukaliwa, tukauanika, tukatoa konokono, na mama akipita na fimbo yake akitia mkono ndani kama anayepima unga.

Tuliondoka asubuhi. Mama juu ya godoro, godoro juu ya mchanga, pazia limefungwa upande wa jua tu kwa sababu upande wa watu alitaka libaki wazi. Mimi nilikaa karibu naye nikimshika bega. Kaka aliendesha pole pole, jambo ambalo sikujua analiweza. Tulipokuwa tumeacha nyumba za mji nikamuuliza mama anajisikiaje. Alikuwa amefumba macho. Akasema ninyamaze, niko namusumbua.

Kisha tukafika pale kijito kinapokata barabara. Moto iliingia majini, ikakaa. Ule uzito uliomtuliza mama ulizamisha matairi kwenye matope. Kaka akashuka, akapandisha suruali, akatazama, akasema tupunguze mchanga. Nikamwambia apunguze bampa lake. Tukaanza palepale, maji magotini, kutajiana vyote tulivyowahi kuongeza kwenye ile moto, mpaka mama akagonga sanduku kwa fimbo.

"Mukitoa mchanga, minye mutaniweka wapi? Ku kichwa yenu?"

Vijana waliokuwa wanaoga wakaja kusukuma. Mmoja akainua bashi, akauliza tumebeba nini. Nikasema mchanga. Akauliza tunaupeleka wapi. Nikasema Makobola.

Hawakuweza kusukuma tena. Walishika matumbo, mmoja akakaa ndani ya maji. Makobola, ambako mchanga unaanza ziwani na kuingia mpaka ndani ya nyumba, ambako unautafuna na samaki. Walituomba tukimaliza tupeleke na maji, ziwa lisije likakauka. Kaka akapiga klaksoni kwa hasira, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilifurahi kuisikia. Walipochoka kucheka walitusukuma mpaka tukavuka.

Habari ilitutangulia, sijui kwa simu ya nani. Tulipoingia kijijini, wanawake waliokuwa wanaanika ndagala ufukweni walikuwa wamekwisha simama. Mbele yao alikuwa mzee mmoja mvuvi, mwenzake baba wa ziwani, ambaye ndiye aliyeanzisha lile neno la moshi. Alizunguka moto yetu, akasoma maandishi ya nyuma, akachovya kidole kwenye mchanga.

"Mama, mtumbwi wote ule," akasema, "ndiyo ukanunua mchanga?"

Watu wakasogea kusikia. Nilimwona kaka anatazama chini, na mimi nilikuwa naomba ardhi ifunguke. Mama akasogeza pazia. Hakuharakisha. Alijiweka vizuri kitenge kiunoni.

"Shemeji," akasema, "nimetoka Uvira mpaka hapa sikusikia jiwe. Na ule mtumbwi ya ndugu yako, hata siku ziwa imelala, nilikuwa nashuka matako yamelowa. Weye unajua, ulikuwa unaniona."

Wanawake ndio walioanza kucheka, kisha wote, na yule mzee alicheka mpaka akapangusa macho. Ni yeye aliyetoa bega lake mama alishikilie kushuka. Mama alisimama chini kwa miguu yake, akatazama mlango wa nyumba yake, akavuta pumzi. Nilitaka kulia lakini kaka alikuwa karibu.

Kaka akasema basi, sasa tutamwaga huu mchanga ufukweni turudi wepesi.

"Hapana," mama akasema. "Muumwage hapo kwa mlango."

"Mama, hapa mchanga iko kila pahali."

"Ile si yangu. Hii imechekechwa."

Tukaumwaga mlangoni, tukala samaki, mama akatuaga ameukalia na majirani wamemzunguka. Kisha tukarudi. Tupu. Sijui niandike nini juu ya ile safari. Ulimi niliuuma palepale pa zamani. Kwenye kijito wale vijana walikuwa wangalipo, wakatuuliza kama mchanga umepata bei. Kaka akanyoosha kidole kubonyeza klaksoni, akabonyeza tena. Hakuna sauti. Ilikuwa imeng'oka na kuanguka njiani kwa kurushwa, na waya zilikuwa zinaning'inia.

Niliziangalia zile waya, nikitumaini mambo ya klaksoni yamekwisha. Tulipofika karibu na Kimanga kaka akageuka akaniambia tutaweka mbili.