Uji Mwepesi wa Mama

Mimi nilisomea kumeza. Msicheke. Shahada yangu ya pili ya hisabati ilihusu vitu kama uji vinavyosukumwa ndani ya mrija laini, unaojibana na kuachia kama koo la mtu. Uji hauna tabia za maji: ukiwa moto ni mwepesi, ukipoa unashika, ukiukoroga unalegea. Mnato wake hautulii, nami nilijaza kurasa nikiukimbiza. Kilichobaki kichwani kilikuwa kifupi: kizito kinadai nguvu, chepesi kinapita.

Kiharusi kilimkuta Mama shambani kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, akipalilia migomba. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukaenda kombo. Niliacha vipindi nilivyokuwa nikifundisha Bukoba nikarudi nyumbani, nikiwa na hakika kwamba kwa suala la kumlisha hakuna wa kunifundisha.

Nilimkuta dada yangu mkubwa, aliyeishia darasa la saba, akimpondea ndizi. Alizichemsha hadi zilainike, akaziponda kwa mwiko, akamtilia mdomoni kidogo kidogo. Mama alikaa na kila tonge mdomoni, akahangaika, mwishowe likashuka. Kula tu kulichukua asubuhi nzima. Mimi nikaona ni ukatili.

"Koo limechoka, haliwezi kusukuma hizo ndizi," nikasema. "Mpe uji mwepesi kabisa."

"Chepesi kinampalia. Nimeona kwa maji. Kizito anakiweza."

"Dada, hiki ndicho nilichosomea!"

Akaniachia kijiko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilimlisha siku nne, uji unaotiririka kama chai. Alikohoa, nikampigapiga mgongoni: "Pole Mama, malizia." Aligeuza uso ukutani, nikamrudisha kwa mkono. Siku ya tano akashikwa na homa, kifua kikawa kinakoroma.

Hospitalini muuguzi aliuliza alikuwa anakula nini. Nikamweleza kwa fahari, mawe, mama yangu! Kwa fahari kabisa. Akaacha kuandika.

"Mwalimu, baada ya kiharusi koo linachelewa kufunga njia ya hewa. Chepesi kinawahi kabla halijafunga. Kimeingia kwenye mapafu."

Katika kurasa zangu zote mrija ulikuwa mmoja. Ule wa pili, wa hewa, sikuwahi kuuchora. Dada alikuwa amesimama kando yangu na alisikia kila neno.

Tulimzika Mama nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake. Waombolezaji walinishika mikono mmoja mmoja. "Wakola, waitu, asante sana ndugu yetu. Wasomi wengine hutuma watu, wewe umemlisha mama yako kwa mkono wako mwenyewe."

Kila mara nilimtazama dada, nikingoja aseme. Aliinama akaendelea kuwapakulia wageni ndizi. Hadi leo hajamwambia mtu, wala hajaniambia mimi. Nilimuua Mama kwa kijiko huku nikimpa pole, na mtu pekee nyumbani anayejua bado ananiita mdogo wangu.