Maziwa Kwenye Friji ya Jirani

Kwetu Tanga tulisema umeme. Bongwe, upande wa Kenya, nilikoolewa, niliwakuta wakisema stima, na mara nyingi walilitaja neno hilo wakiuliza itarudi saa ngapi. Nilizoea. Niligandisha chupa za maji, nikafunika friji kwa blanketi, nikawakataza watu kuifungua ovyo. Lakini nilipojifungua na likizo ya uzazi ikaisha, kukatika kwa stima kulianza kunitia hofu. Nilifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani, na mtoto nilimwacha na mavyaa, mama wa mume wangu. Kila alfajiri nilikamua maziwa, nikayatia kwenye vifuko na kuyagandisha.

Juma moja la mvua, transfoma ya mtaa iliungua. Kufikia siku ya pili barafu yangu yote ilikuwa imeyeyuka, na vifuko vilianza kulainika. Mume wangu alikuwa Vanga kwa kazi ya ujenzi. Nikamwendea jirani yetu, mwalimu kutoka bara, ambaye friji yake ilitumia sola. Naye alikuwa na binti mchanga, aliyemzidi mwanangu wa kiume mwezi mmoja, na yaya wa kumlea. Alinipokea vizuri, akasogeza nyama zake na kunipa droo nzima.

Jioni mavyaa aliniuliza maziwa yako wapi. Nilipomwambia, aliweka chini bakuli alilokuwa akiosha.

"Yaya wao akikosea akamnywesha binti yao, leo na kesho na keshokutwa?" aliuliza. "Mwanangu, hao watakuwa ndugu wa ziwa moja, na ndugu hawaoani. Wakikua wakapendana, ni nani atakayewaambia?"

Nilimjibu kwamba kila kifuko kina alama yangu. Akasema mtoto akilia, yaya hatazami alama. Hakupaza sauti, na hilo lilinishinda kuliko kama angegomba. Ningekuwa Tanga ningemwita mama yangu anisemee. Hapa sikuwa na wa kunisemea. Nikajitanda leso, nikarudi kwa jirani.

Sikujua namna ya kulisema. Nilianza na shukrani, nikababaika, mwishowe nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amempakata binti yake.

"Kwa hiyo mnamwogopa mtoto wangu," alisema.

Nilisema sivyo. Akavitoa vifuko, akavipanga mezani kimoja kimoja, nikavibeba nyumbani.

Kulipokucha vyote vilikuwa vimeyeyuka, na maziwa yalikuwa yameanza kunuka. Niliyamwaga chini ya mgomba nyuma ya nyumba, huku nalia kama niliyefiwa. Kisha nikaenda kazini, nikimwachia mavyaa kikombe kimoja tu nilichokamua alfajiri ile.

Saa sita mchana mlinzi wa hoteli aliniita. Mavyaa alikuwa amesimama kwenye lango la wafanyakazi, buibui limelowa, mtoto amemficha ndani yake. Alikuwa amekodi tuktuk. Alinikinga kwa leso, nikamnyonyesha mwanangu pale kwenye benchi la mlinzi.

"Nitamleta kila siku mpaka stima irudi," alisema.

Akamleta siku nne.

Jirani bado ananiitikia salamu, ila hanikaribishi ndani. Watoto wetu sasa wanatembea, na huchunguliana kwenye tundu la ua. Mara mbili nimefika mlangoni kwake nikageuka, kwa kuwa sikupata neno la kuanzia.