Madina Afunga Mlango Siku ya Arubaini

Madina alikuwa mwanamke wa makayabu mengi na maneno mengi zaidi. Sokoni Kisangani aliuza samaki wale wa chumvi kwa mdomo uliowasimamisha hata wapita njia walioshiba. Hakuogopa mtu wala askari. Aliogopa kikohozi. Mtoto wake wa kwanza, Juma, alichukuliwa na kifaduro kabla hajaota jino, baada ya kupakatwa na kila jirani aliyeleta pongezi pamoja na mafua yake.

Basi alipomzaa Safi, ole wako upige chafya kwake, ulionyeshwa barabara. Mumewe Assumani, fundi cherehani mpole kupita kiasi, alipopata mafua alihamia kwa rafiki yake mpaka yakaisha. Hakulalamika hata kidogo, nadhani alipumzika.

Ikafika arubaini, siku ya kumtoa mtoto nje. Kwa desturi yao, anayemtoa ni nyanya yake mzaa baba. Mama Hadidja, mama yake Assumani, akaja kutoka Kasongo kwa lori, kwa boti, na kwa treni ya Ubundu, akiwa na kuku wawili, kitenge kipya chenye picha ya mwenge, alama ya chama tawala, na kikohozi. Kikohozi ndicho kilichotangulia kuingia uani.

Wali ulikuwa umeiva, wageni wamejaa, matari yanalia. Mama Hadidja akafika mlangoni, akanyoosha mikono. Madina akaiona mikono ile, akamkumbuka Juma. Kumkatalia mama mkwe mbele ya watu ni kujitafutia talaka, naye alilijua hilo vizuri. Akafunga mlango, yeye na mtoto ndani.

"Mama, unisamehe," alisema dirishani huku akilia. "Uko nakohola. Siwezi kukupa mutoto."

Matari yakanyamaza. Jirani yao Élise, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akadakia: "Bon! Mama mukwe anatoka Kasongo, anafungiwa mulango! Ile iko heshima gani?"

Assumani akaanza kuvichunguza viatu vyake. Wengine wote wakangoja laana.

Mama Hadidja akakohoa mpaka akashika ukuta. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa ua, akajifunga kitambaa mdomoni.

"Élise, nyamaza," alisema. "Nilizalaka batoto saba, nikazika tano. Kila mutu alikuwa anawabeba. Hakuna mutu alinifundishaka kufunga mulango."

Mama Hadidja akageukia dirisha. "Mukwe wangu, unionyeshe ye tu. Nitabakia hapa."

Madina akamwinua Safi dirishani. Nyanya yake akamtazama kwa mbali, kwa muda mrefu, mikono ameikamatanisha nyuma ya mgongo, maana aliijua, ingenyooka yenyewe.