Skrubu ya Bunduki ya Baba Mkwe

Sasa nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Elburgon ipasuke inimeze pamoja na suruali ya kuazima niliyovaa. Mimi ni mtu wa haya, nikiulizwa jina langu naangalia viatu, na baba mdogo aliyenipeleka kumposa Rebeka alinionya njiani: "Leo wewe ni kula na kunyamaza. Maneno niachie mimi."

Laiti ningemsikia! Tulikuta wazee wamekaa uani, sufuria kubwa ya githeri katikati yao, na baba yake Rebeka, Mzee Zakaria, ambaye kazi yake ni kulinda mashamba ya kiwanda cha mbao ili nguruwe wa msituni wasiyamalize, ameweka bunduki mapajani.

"Hii," akasema, "bwana wa kiwanda alinichagulia mwenyewe. Imetengenezwa Ulaya kwa kuwinda tu, si takataka za jeshi."

Sasa mimi nilikuwa nafagia duka la fundi wa bunduki pale Nakuru (kufagia tu, lakini macho hayashiki ufagio), na bunduki za vita zilizokatwa mbao ili ziwe za kuwinda nilishaziona nyingi. Nikaona kitakoni kiraka cha mviringo cha mti wa rangi nyingine, mahali jeshi lilipokuwa limetia kibati cha namba, nikaona na pale mdomoni palipofungiwa singe pamesuguliwa kwa tupa, na ulimi wangu, ambao siku zote hulala, siku hiyo ukaamka.

"Hapana, baba. Hii ilikuwa ya askari."

Baba mdogo akanikanyaga mguu.

"Thibitisha," akasema Mzee Zakaria, akatoa risasi zote, akanipa bunduki.

Mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikatoa bisibisi mfukoni (nani huenda kuposa na bisibisi?), nikaanza kufungua mbao za chini, skrubu ikaniponyoka, ikagonga ukingo wa sufuria, ting! isionekane tena.

"Msimeze!" Mzee Zakaria akapiga kelele. "Bunduki hii narudisha ofisini kabla ya jua kutua! Ikipungua kitu, kazi sina, na pengine jela!" (Siku hizi za Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, bunduki si mchezo.)

Basi wazee wazima wakakaa mashavu yamejaa, wakitafuna polepole kama ng'ombe, na bibi yake Rebeka akitema punje mojamoja kiganjani.

"Kijana, nimebaki na meno mawili. Likivunjika moja, utanioa mimi."

Tukamwaga githeri yote kwenye ungo, tukachambua mahindi, tukachambua maharagwe, hakuna kitu. Ndipo Rebeka, aliyekuwa amejificha jikoni kwa aibu, akaja, akainama, akatia vidole kwenye upindo wa suruali yangu. Skrubu hiyo!

Nikataka kuikaza haraka, lakini Mzee Zakaria alinizuia. Alikuwa akipapasa chuma kilichokuwa kimefichwa na mbao nilizofungua, penye mshale mdogo, alama ya serikali.

"Kama ile yangu ya vita vya Burma," akasema taratibu. Kisha akaiangalia bunduki usoni, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe na wewe ulikuwa jeshini! Na wewe wakakukata, wakakuleta huku kufukuza nguruwe!"

Rebeka nilipewa. Lakini nikienda kwa wakwe, bibi hunipapasa mifuko mlangoni kwanza, na mimi nikishaketi huikalia mikono yangu yote miwili, hata kama kiti chenyewe ndicho kilicholegea skrubu.