Ng'ombe Aliyetoka Mwekundu Kwenye Printa

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba printa ukiitia wino usio wa kampuni yake, inakushtaki ng'ambo. Huko, niliambiwa, kuna ukumbi mkubwa kuliko uwanja wetu wa ndege, umejaa watu wenye miwani, kila mmoja na runinga yake, na kazi yao ni kuchunga printa za dunia nzima. Wakiona yako imenyweshwa wino wa chupa ya vichochoroni, mmoja anabonyeza kitufe na rangi zako zinaharibika papo hapo. Kosa la kwanza anakuongezea wekundu. Kosa la pili, kijani. La tatu, printa inakufa na haifufuki.

Aliyenipa habari hizo alikuwa mwenzangu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, mchana mwuza nyama, jioni mwanafunzi wa kompyuta kama mimi, na alininong'onezea huku akiangalia dari. Sikucheka hata kidogo. Mimi nilipata cheti changu nikiwa na mvi tatu, mbili za kidevuni, na mtu aliyepata elimu kwa jasho kama hilo haitupi hovyo. Kwa hiyo nilipofungua duka la picha na fotokopi hapa Chechelesi, mjini Isiolo, na mfuko wangu ukaruhusu wino wa vichochoroni tu, nilijiandaa kama mtu wa vita. Kabla ya kuprinti nilizima data, nikachomoa waya wa intaneti, kisha nikaifunika printa kwa leso ya mke wangu, nikiacha tu mdomo wa kutolea karatasi. Wateja walidhani ninaikinga na baridi. Baridi, Isiolo!

Na lazima niseme ukweli, ile mashine nilikuwa naiheshimu kama mchawi. Chupa nne tu: nyeusi, manjano, samawati, na ule wekundu wa waridi ambao mafundi huuita majenta. Hakuna chupa ya kahawia humo, wala ya rangi ya ngozi ya mtu. Lakini inatema vitone vidogo kuliko mayai ya chawa, na kutoka kwa chupa nne inakutolea bibi harusi, mbuzi, mlima na mawingu yake. Mara nyingi nilisimama kazi ikiendelea, mdomo wazi, mpaka mteja anikumbushe kwamba bado anangoja.

Siku moja akaingia mama mzee wa Kiborana, mrefu, amejitanda shuka jeusi, na simu ya binti yake mkononi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Akko. Karibu." Akko ni nyanya kwa Kiborana, na hapa kwetu hata sisi Wameru tunajua adabu.

Akaniwekea simu mezani. Ilikuwa picha ya ng'ombe jike, amegeuza kichwa kama aliyeitwa jina. Ukame ulikuwa umemwachia huyo mmoja tu, akaniambia, wa mwisho katika kizazi cha ng'ombe aliopewa na mama yake. Sasa amepotea njia ya malishoni, na ana mimba ya kukaribia kuzaa.

"Akizaa katika boma ya mtu mwingine," alisema, "nitaanza kubishana juu ya ndama. Na mimi sina mume wa kunibishania. Nataka huyu ng'ombe kabla hajazaa."

Wachungaji wengi wana zile simu ndogo za tochi, picha haziingii. Kwa hiyo alitaka karatasi za kubandika mahali pa kunyweshea, sokoni na madukani. Chapa yake iko upande wa pili wa mwili, haionekani kwenye picha, lakini Akko hakujali. Alisema rangi inatosha.

Nikafunika printa leso, nikapakia karatasi ya kung'aa niliyoletewa na muuzaji mmoja wa kupitapita, nikaprinti thelathini. Zilipotoka niliduwaa kwa jinsi zilivyopendeza. Ng'ombe aling'aa kama ametoka kuoga. Akko alizikunja haraka, alikuwa na gari la kuwahi, akaziweka chini ya shuka. Karatasi zikasambaa kutoka Oldonyiro hadi Kinna na Rapsu.

Baada ya siku nne simu ikaja kutoka Oldonyiro: ng'ombe wako yuko hapa sokoni. Akko akasafiri ile barabara ya vumbi, vumbi ambalo ukipumua vizuri unaweza kufyatulia tofali puani. Akarudi jioni ya pili, akaja moja kwa moja dukani, amekuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Hakusalimia. Akatoa karatasi yangu moja, akanishika mkono na kunivuta nje, juani.

"Hii ni nini?"

"Ni ng'ombe wako, Akko."

"Hii ni dima. Nyekundu. Wamenionyesha ng'ombe nyekundu kama hii, haki yao, wamefuata karatasi. Yangu ni magala."

"Magala ni…?"

"Gurba!" Yaani kijana, lakini alivyolitamka nilirudi kuwa wa miaka sita. "Nyinyi Wameru mnajua rangi moja tu, ya miraa!"

Watu wa duka la pili walicheka hadi wakashika ukuta. Nami nikatazama karatasi, nikatazama simu. Kwenye simu ng'ombe alikuwa kahawia. Kwenye karatasi alikuwa kahawia… lakini sasa kwa vile nimesutwa, ndiyo, kulikuwa na wekundu uliopita juu yake kama aibu. Akko akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtu kuhesabu vidole. Mchungaji akimtafuta ng'ombe hatafuti pembe kwanza wala ukubwa. Rangi ndiyo jina. Karatasi ikisema dima, kila aliyemwona magala, yaani wa kahawia, amepita zake bila kufikiri. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimewatuma watu wa wilaya nzima wamtafute ng'ombe mwingine, huku huyu wa kweli akihesabu siku za kuzaa.

Na moyoni nilijua kilichotokea: ng'ambo wamenikamata. Kosa la kwanza, wekundu. Sikumwambia Akko; nani humwambia mteja kwamba duka lake linachungwa na wazungu wenye miwani? Nilimwambia tu mashine imenisaliti, anipe nafasi nirekebishe.

"Utarekebisha vipi na huoni?" akauliza.

Hapo ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka. Kesho yake alikuja na jiko, sufuria, samli katika kibuyu, na fungu la buna, ile kahawa ya Kiborana ambayo punje hupikwa nzima na ganda lake. Akawasha moto mlangoni pangu. Samli ikayeyuka, akamwaga buna, harufu ikatanda hadi wateja wa kinyozi wakatoka na nusu ya ndevu. Akakoroga bila kubandua macho. Ghafla akaepua, akachagua punje moja kati ya mia, akaipuliza, akainua.

"Hii," alisema. "Si zile zingine. Hizo zimepita. Hii ndiyo ng'ombe yangu."

Ilikuwa kahawia yenye joto ndani, na ile samli iliipa mng'ao wa manyoya ya mnyama aliyeshiba. Nikaelewa. Kompyuta ina vishale vya kuongeza na kupunguza kila rangi, basi nikapanga ng'ombe wadogo ishirini na wanne kwenye karatasi moja, kila mmoja na namba, kila mmoja nimempunguzia majenta kidogo kuliko mwenzake. Karatasi ilipotoka nilimwonyesha palepale chini ya taa.

"Toa nje. Ng'ombe haiuzwi ndani ya nyumba."

Tukatoka. Niliona karatasi ikibadilika mbele ya macho yangu: wale waliokuwa sawa chini ya taa ya duka, juani walikuwa na kutu. Nilitaka kuanza kumwelekezea kidole yule wa tisa, akanizuia. "Ngoja ikauke. Ndama akizaliwa akiwa bado na maji pia ana rangi ya uongo." Tukanywa chai. Baada ya chai, wa tisa alikuwa amekolea na kuwa mtu mwingine kabisa, na mimi nikakirudisha kidole changu mfukoni.

Kisha Akko akaweka ile punje ya buna juu ya ng'ombe wa kwanza. Ilionekana wazi, kama kupe. Akaisogeza kwa wa pili, wa tatu. Akaendelea hivyo, kidole chake kikitembea kama mchungaji anayepita katikati ya kundi. "Dima. Dima. Dima mgonjwa. Huyu amelala majivuni. Huyu ni wa jirani yangu, mwizi." Nilimwona akitofautisha wawili ambao mimi, hata kama ungeniwekea panga shingoni, ningeapa ni mapacha. Kompyuta ilisema kati yao kuna tofauti ya hatua moja. Hatua moja! Mama ambaye hajawahi kukaa darasani alikuwa anasoma namba za kompyuta bila kompyuta.

Karatasi ya kwanza haikumpata ng'ombe. Wala ya pili. Siku hiyo na ya kufuata nikawa na mifugo mingi kuliko tajiri yeyote wa Isiolo, wote wa karatasi, wamelala juani mbele ya duka na mawe juu yao wasipeperuke. Wazee waliopita walisimama kubishana juu yao. Mmoja alitaka kumnunua namba ishirini na mbili.

Kwenye karatasi ya tano, Akko alisogeza punje hadi namba kumi na saba, na punje ikapotea.

Nasema ikapotea. Ilikuwa palepale, niliweza kuigusa, lakini jicho halikuiona tena. Kahawia ya samli na kahawia ya vitone vyangu zilikuwa kitu kimoja. Akko aliinama akasema kitu kwa Kiborana kwa sauti ndogo, na nilijua hasemi nami.

"Printi hii," akaniambia mwishowe. "Thelathini."

Nilikuwa na karatasi nane zilizobaki za ile aina. Nikaprinti nane, zote zikatoka sawasawa, nikataka kuruka. Nikakimbia kununua karatasi nyingine za kung'aa, jina tofauti lakini zinafanana kabisa ukizishika. Namba ileile kumi na saba, wino uleule, leso ileile. Ng'ombe akatoka kijani.

Si kijani ya majani. Kijani ya maziwa yaliyokaa siku ya tatu. Kosa la pili! Bado moja tu, na printa itakufa. Nikachomoa waya kutoka ukutani kwa nguvu hadi tundu la umeme likatoa cheche.

"Akko, mashine imechoka. Chukua hizi nane."

"Imechoka na jana ilikuwa inazaa ng'ombe kama nyuki?"

"Imechoka, Akko. Nisamehe."

Hakuniamini. Lakini siku zilikuwa zinaisha, na yeye ndiye aliyejua kuzihesabu. Akachukua nane. Alisema kila mahali penye ile nyekundu apatikane mtu wa kubandua na kuweka mpya, akianzia upande wa Kinna. Mimi nikafunga duka nikaenda naye. Ningefanya nini, na printa nimeizima?

Karatasi ya sita tuliibandika Rapsu, kwenye ukuta wa duka dogo karibu na mashamba ya mifereji. Hata gundi haikuwa imekauka. Mkulima mmoja alikuwa amekuja kununua sukari, akageuka, akaiangalia, akaweka sukari chini.

"Huyu yuko kwangu."

"Una hakika?" Akko hakuinua sauti.

"Mama, wiki ya pili hii anakula mahindi yangu. Nimemfunga nikangoja mwenyewe aje. Kila siku nilipita hapa nikaona ile karatasi yenu, nikasema maskini, kuna mtu amepoteza ng'ombe mwekundu." Akacheka kwa uchungu. "Mbona mlikuwa mnatafuta mwekundu?"

Nilitazama viatu vyangu.

Mkulima akatupeleka: ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti kando ya mfereji, tumbo limeshuka, kiwele kimejaa, bado hajazaa. Akko hakukimbia. Alimwita mara moja, na ng'ombe akageuza kichwa. Akazunguka upande wa pili, akapapasa chapa, kisha akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mnyama na kukaa hivyo. Mkulima na mimi tukageuka kutazama mahindi. Baadaye nilichukua karatasi ya saba, nikaiweka karibu na ubavu ule, jua likiwa juu, nikatafuta tofauti. Nilitafuta kwa macho yote ya ngumbaru. Chupa nne, hakuna ya kahawia, na bado ilikuwa yeye.

Furaha ilinilegeza ulimi. Nikamwambia Akko yote: wino wangu wa vichochoroni, ukumbi wa ng'ambo, wenye miwani, wekundu wa kosa la kwanza, kijani ya kosa la pili, leso, waya niliouchomoa, na kwa nini alipata nane badala ya thelathini. Nikamwambia tulivyowashinda wale watu kwa nane tu.

Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa mgongoni mwa ng'ombe.

"Nimekaa na hiyo mashine siku mbili," alisema. "Hakuna mtu anakuangalia, gurba. Wino si ule wa kwao, karatasi ulibadilisha, na wewe ulikuwa unaangalia kwa taa. Ni hayo tu."