Mistari ya Shangazi

Kila nikifungua gunia la mbolea ya kukuzia, harufu yake ikanikwaruza koo, namwona shangazi akiingia shambani mwetu na jembe begani.

Mama alikuwa amepanda mahindi kwa kamba, akaacha nafasi ya kutosha. Shangazi, dada ya baba, akaitazama ile nafasi kama kiti kitupu arusini.

"Wifi, hizi njia umemwachia bibi harusi?"

"Nimeiachia mizizi."

"Mizizi haikuolewa hapa. Hili ni shamba la baba yangu."

Kesho yake alipanda mistari yake katikati ya yetu. Mama hakung'oa kitu. Aliweka mbolea kwa kifuniko cha soda, kwenye mahindi yetu peke yake, nayo ya shangazi yakainywa bila kukaribishwa. Shamba likawa kijani hadi wapita njia wakalisifu. Wakati wa kuvuna, ndani ya maganda mlikuwa na vigunzi kama vidole. Nilihesabu vyenye punje, nikarudia. Hesabu haikunenepa.

Shangazi akaja na magunia kudai nusu, na nusu yetu isingetufikisha Krismasi.

"Chukua yote, wifi," mama alisema. "Na walaji wake wanakuja nayo."

Jioni tulibanana jikoni kwa shangazi, sisi na watoto wake, bega juu ya bega, tukigombea obusuma, ugali wa sahani moja.

"Sogeeni basi," shangazi akafoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Wasogee wapi, wifi? Umeshapanda."