Dengu Zilizoitwa Kimea

Mnaniona nacheka na meno mdomoni, msidhani yamebaki bure. Nitawasimulia yalivyotaka kuniacha, na jinsi watu walivyosimama kando wakinitafutia dhambi.

Kabla ya vita ya Mjerumani na Mwingereza nilikuwa mtu wa mtumbwi. Mke wangu Sekela ni Mkisi, mfinyanzi kama mama yake. Yeye alifinyanga na kuchoma, mimi nilipakia vyungu na kuvipeleka sokoni Lyulilo, kando ya ziwa. Chungu kimoja tulikibadilisha kwa nafaka ya kukijaza, mpunga au mahindi, na hiyo ndiyo tuliyokula. Muwa niliumenya kwa meno. Ugonjwa wa kunilaza nilikuwa siujui.

Vita ilipoanza, askari wa boma walikuja kuchukua wanaume. Hawakuomba. Tulifungwa kamba viunoni, tukapelekwa milimani kubeba mizigo yao. Chakula kilikuwa unga wa mahindi wa zamani, wenye wadudu. Asubuhi ugali, jioni ugali, kwa chumvi, na chumvi yenyewe siku nyingine haikuwapo. Ukichepuka njiani uchume jani la mboga, unachapwa kiboko. Nasema tena, maana hata leo damu inanichemka: tulipigwa kwa kuchuma majani!

Ugonjwa ulianza kama uchovu. Magoti yaliuma, mzigo niliouzoea ukanishinda. Kisha fizi zilivimba, zikawa na rangi ya ini, zikapanda juu ya meno. Kila tonge la ugali lilitoka na damu. Mdomo wangu ulinuka hadi wenzangu wakaacha kulala karibu yangu. Miguuni yalitokea madoa mekundu chini ya ngozi. Na kovu la panga nililolipata utotoni, lililopona zamani, lilifunguka upya likatoa maji.

Nilikwenda kwa mganga wa kambi. Hakuniambia hata nifunue mdomo vizuri.

"Mvivu huyu," alimwambia msimamizi. "Anajing'ata fizi ili arudishwe kwao."

Niliposhindwa kabisa kusimama, waliniacha kando ya njia, wakachukua mzigo. Mzigo waliuona una faida. Wakulima wa Ndandalo waliokuwa wakirudi kwao ndio walionihurumia, wakanibeba kwa machela ya miti mpaka ziwani.

Nilidhani nikifika nyumbani nimepona. Wapi! Migomba yetu ilikuwa imekwanyuliwa na askari wapita njia, hata ndizi changa hawakuacha. Mama alinipikia uji, akauchemsha sana, maana kwetu mgonjwa halishwi kitu kibichi. Siku moja nilihisi kitu kigumu ndani ya uji. Nilitema kiganjani: jino langu, zima, na mzizi wake. Sekela alilia. Mimi sikulia, nilikasirika. Nilikuwa kijana bado, nami naanza kumwagika vipande vipande kama kibogoyo wa miaka mingi.

Majirani walikuja kutoa pole, kila mmoja na lake. Huyu alisema nimerogwa. Yule alisema nimekula nyama ya wizi. Mzee Ambokile, mzee wa kanisa na jirani yetu, alikaa mlangoni mbali na harufu yangu.

"Kijana, tubu," alisema. "Huko kambini ulilala na nani?"

"Tata, nililala na magunia," nilimjibu, maana kwetu mzee ni tata, baba.

Hakupenda jibu hilo.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye hatukusali naye. Pale Lyulilo palikuwa na duka la Mhindi, na mkewe tulimwita Mama Jena. Walikuwa wanafunga duka wahame kwa sababu ya vita. Sekela alikwenda kutafuta chumvi, akamweleza hali yangu. Mama Jena alimwuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameliuliza, si mganga, si mzee wa kanisa.

"Alikuwa anakula nini?"

"Ugali, mama."

"Na kibichi?"

"Hakuna. Walikatazwa."

Mama Jena alifungua gunia la dengu, akampimia. "Loweka usiku. Mwaga maji, funika, suuza asubuhi na jioni. Zikitoa mkia mdogo, ale mbichi. Usizitie motoni."

Sekela alichukua chungu kidogo chenye matundu chini, alichokifinyanga mwenyewe, ili maji yachuruzike. Alitandika jani la mgomba, akazimwaga dengu, akazifunika. Zilipoota alizitwanga na chumvi kidogo, kwa kuwa sikuweza kutafuna. Ziliniwasha kama moto kwenye fizi. Mama yangu alinung'unika kwamba mkwe wake ananilisha chakula cha ndege. Nilimeza.

Kwanza harufu ilipungua. Kisha niliamka asubuhi sina damu mkekani. Kovu lilianza kufunga. Nilijiburuta hadi nje, nikakaa juani, nikaona ziwa.

Hapo ndipo Mzee Ambokile alipopita. Aliona chungu kimefunikwa kwa jani. Akafunua. Akaona mbegu mbichi zimeota mikia. Na sisi sote tunajua mbegu zilizooteshwa ni za nini: ulezi ukiota ni kimea, na kimea ni pombe, na pombe ilikuwa marufuku kwa Mkristo.

"Kimea!" alipiga kelele. "Katika nyumba ya waliobatizwa!"

"Tata, ni dawa ya mume wangu," alisema Sekela. "Ni dengu."

Hakusikiliza. Alikipindua chungu uani, na kuku wakaja mbio.

Mke wangu alipiga magoti katikati ya kuku akiokota dengu moja moja, huku mzee amesimama amekunja mikono. Duka lilikuwa limekwisha fungwa, Mama Jena hayupo. Kibuyuni zilibaki dengu kavu za kuotesha mara moja tu. Nilijaribu kuinuka nimkamate, miguu ikakataa. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na sioni haya kuisema.

Zile za mavumbini tulizisuuza, nikazila. Za kibuyuni Sekela aliziotesha ndani, chini ya kitanda, kama mwizi. Wakati huo Mzee Ambokile alitangaza kanisani kwamba Sekela asikaribie meza ya Bwana mpaka atubu kosa la kupika pombe.

Jumapili iliyofuata nilitembea kwa fimbo mpaka kanisani, na bakuli la dengu zilizobaki. Nilisimama mbele ya wote. Nilitia dengu mdomoni, nikatafuna. Kila mtu alisikia zikivunjika chini ya meno yangu.

"Tata, pombe haitafunwi," nilisema. "Hizi ndizo ulizowapa kuku."

Alitazama chini. Lakini nyuma, upande wa wanawake, mama mmoja alisimama.

"Mwanangu amerudi kutoka kwenye mizigo," alisema. "Anatoka damu mdomoni. Nimemficha ndani, naogopa mtasema ana dhambi."

Akasimama mwingine. Na mwingine. Nilizigawa zile za bakulini papo hapo, kiganja kiganja, na Sekela akawaonyesha akina mama namna ya kuotesha. Dengu zilipokwisha kabisa, alijaribu choroko, nazo zikafaa.

Mzee Ambokile amekufa bila kuniomba radhi. Nilichimba kaburi lake pamoja na wengine, nikala chakula cha matanga, nikakitafuna vizuri.

Mama Jena, popote ulipo, ndaga fijo, asante sana. Sekela, nawe.

Nanyi mnaonisikiliza, suuzeni vizuri, zikinuka uchachu zitupeni. Maharage msijaribu kula mabichi, yataharibu tumbo. Otesheni uani, mchana, kila mtu aone. Na mgonjwa wenu akirudi kutoka mbali, kabla hamjamtafutia kosa, muulizeni huko alikuwa anakula nini.